Mahame ya Kaunti ya Mono, California: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kaunti ya Mono iko mashariki mwa California, nyuma ya milima ya Sierra Nevada ukitokea upande wa bahari, mpakani na jimbo la Nevada. Ina zaidi ya kilomita za mraba 8,000 na wakazi wapatao 13,000 tu, na wengi wao wamejikusanya Mammoth Lakes penye michezo ya theluji. Kwingineko ni nyika ya vichaka, ziwa la chumvi, barabara kuu moja iitwayo 395, na vibao vya hapa na pale vinavyosema kwamba hapa palikuwa na mji. Waswahili walioko California hupita huko majira ya joto wakienda hifadhi ya Yosemite au mji wa Reno, husimama Bodie, mji wa dhahabu uliohamwa, kwa muda wa saa mbili, kisha huanza kuuliza. Haya ndiyo maswali yao. Majibu mengine ni marefu kwa sababu tu nayapenda.

Kwa nini uyaite mahame? Si Wamarekani husema "mji wa mizimu"?

Husema hivyo, na sisi hutafsiri. Lakini Kiswahili kilikuwa na maneno yake zamani. Hame ni mahali palipohamwa. Ganjo ni mahali palipokuwa na mji, hata kama leo hapana kilichosimama. Gofu ni jengo lililobaki kuta. Maneno haya matatu yanafanya kazi vizuri Mono kuliko hilo moja la mizimu: Bodie ni hame, maana nyumba bado zipo na wenyewe ndio hawapo, Monoville ni ganjo, na chumba cha hazina cha benki ya Bodie, kilichobaki peke yake baada ya benki yenyewe kuungua, hicho ni gofu.

Mahame yako mangapi?

Inategemea unahesabu nini. Kambi ya wachimbaji 30 iliyodumu miezi mitano, je, ni mji? Wenyeji hutaja kwanza Bodie, kisha Dogtown, Monoville, Lundy, Bennettville, Masonic, Mammoth City na Mono Mills. Aurora huingizwa katika orodha ingawa leo iko Nevada, na kisa chake nitakieleza chini.

Yote yalianzia wapi?

Dogtown, 1857. Dhahabu ya mchangani ilipatikana kando ya kijito, watu wakavuka milima kutoka magharibi, na huo ukawa mkupuo wa kwanza wa dhahabu upande huu wa Sierra. Wachimbaji wa Geita wangesema tu "rashi". Jina Dogtown lilipewa kambi nyingi za Marekani zilizokuwa duni mno. Miaka miwili baadaye dhahabu nyingine ilionekana karibu na Ziwa Mono, watu wakahamia huko, na Monoville ikazaliwa. Dogtown ikaachwa kabla hata haijawa kitu.

Hapo ndipo tabia ya eneo hili inapoonekana. Vilima vya huku vingi havina miti mikubwa, na ubao ulikuwa ghali. Mtu akihama hakuiacha nyumba yake isimame. Aliing'oa akaondoka nayo, au akamuuzia jirani naye akaing'oa. Wageni wengi hudhani miji hii ilikimbiwa, sahani mezani na mlango wazi. Sehemu kubwa ilibebwa.

Bodie ni jina la mtu?

Ndiyo, na mtu huyo hakuuona mji. Aliitwa W. S. Bodey, mtu wa Poughkeepsie, New York. Alikuwa Monoville mwaka 1859, akatoka na wenzake kutafuta dhahabu katika vilima vya kaskazini, wakaipata. Majira ya baridi ya mwaka huohuo alikwenda Monoville kuchukua mahitaji pamoja na mwenzake, na wakati wa kurudi theluji ikawakamata njiani. Mwenzake alifika. Bodey alikufa.

Tahajia ya jina lake ilibadilika kuwa Bodie. Hadithi maarufu ni kwamba mchora vibao alikosea na watu wakaona imekaa vizuri. Wengine husema ilibadilishwa makusudi ili watu walitamke sawasawa. Mimi naipenda ya mchora vibao, ila sina sababu ya kuiamini zaidi ya hiyo nyingine.

Je, ni kweli Bodie ilikuwa na watu 10,000 na baa 65?

Hizo ndizo namba utakazosikia. Kwa zaidi ya miaka 15 baada ya kifo cha Bodey kambi ilijikongoja. Katikati ya miaka ya 1870 mgodi mmoja ulibomoka, na huko kubomoka kukafichua mwamba wenye dhahabu nyingi. Kampuni ya Standard iliununua mgodi huo, na kati ya 1877 na 1880 watu walimiminika. Mtaa Mkuu ulifika urefu wa kama kilomita moja na nusu, nyumba za mbao mfululizo pande zote mbili.

Wanaoshabikia Bodie husema ilikuwa na watu kati ya 7,000 na 10,000, na wengine huongeza kwamba ulikuwa mji wa pili au wa tatu kwa ukubwa California. Sensa ya 1880 haikubaliani nao. Ilihesabu watu wachache zaidi, na haiuweki mji huo popote karibu na nafasi hizo. Kwa kweli hata nusu ya idadi hiyo juu ya kilima kisicho na miti, mita 2,550 juu ya usawa wa bahari, inatosha kunishangaza. Mahali hapo pako juu kuliko Nairobi kwa zaidi ya mita 700, na majira ya baridi theluji hufunika madirisha.

Na ule usemi wa "Kwaheri Mungu, naenda Bodie"?

Husemwa kwamba msichana mdogo aliuandika, au aliuomba kabla ya kulala, familia yake ilipokuwa inahamia huko. Magazeti ya miji mingine yaliuchapisha kwa furaha. Mhariri wa Bodie akajibu kwamba wamekosea kuweka alama: mtoto alisema, "Vyema, wallahi! Naenda Bodie." Kwa Kiingereza, kati ya "Goodbye, God" na "Good, by God", tofauti ni mkato tu na mahali unapovuta pumzi. Sijui mzaha gani wa zamani uliosafiri vizuri hivyo hadi kwetu.

Kulikuwa na ujambazi kiasi hicho?

Risasi zilikuwapo, ulevi ulikuwapo, na "mtu mbaya wa Bodie" lilikuwa jina la kutishia watoto. Kisa kinachojulikana sana ni cha Januari 1881. Baada ya dansi katika ukumbi wa chama cha wachimbaji, Joseph DeRoche alimpiga risasi Thomas Treloar mtaani. DeRoche alikamatwa, akatoroka, akakamatwa tena. Kundi lililojiita 601 likamtoa mikononi mwa walinzi usiku na kumnyonga. Ukumbi walikocheza dansi ndio jumba la makumbusho la leo, na humo utaona gari la maiti la mji.

Lakini nikikutembeza mimi, visa vya bastola nitavimaliza kabla hatujatoka kwenye maegesho. Kuna mambo mazuri zaidi.

Dhahabu yenyewe ilitolewaje?

Mtu aliyewahi kuona karasha za kusagia mawe zikifanya kazi Kanda ya Ziwa atauelewa mchakato wote. Watu waliteremka kwenye maduara, yaani mashimo ya mgodi, wakapasua mwamba kwa baruti, mawe yakapandishwa. Kisha yalikwenda kwenye kinu, na hapa neno letu linafaa kuliko la kwao: kilikuwa kinu hasa, chenye michi. Kinu cha Standard kilikuwa na michi 20 mizito ya chuma iliyopanda na kushuka mchana na usiku, ikitwanga mawe mpaka yakawa unga. Unga uliochanganywa na maji ulipita juu ya mabamba yaliyopakwa zebaki. Dhahabu ikanaswa, zebaki ikachomwa ikaondoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Katika miaka ya 1890 ikaja sayanidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, na marudio, yaani masalia ya unga yaliyokuwa yametupwa kwa miaka mingi, yakawa mali tena.

Kampuni ya Standard peke yake ilitoa karibu dola milioni 15 kwa miaka 25. Kinu cha kwanza kiliungua 1898, cha pili kikajengwa mwaka uliofuata, nacho ndicho unachokiona leo, kijivu, mabati matupu, kikiutazama mji. Mmoja wa waliokiendesha mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa Theodore Hoover, kaka yake Herbert Hoover aliyekuja kuwa rais.

Nimesikia Bodie ilikuwa ya kwanza kwa umeme. Ni kweli?

Kuwa ya kwanza kabisa, hapana. Kuwa miongoni mwa za kwanza, ndiyo, na hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote vya Bodie.

Tatizo lilikuwa kuni. Kinu kiliendeshwa kwa mvuke, mvuke unataka moto, na moto unataka kuni ambazo hazikuwepo karibu. Kampuni ikapiga hesabu ikaona fedha zinaishia tanurini. Mwaka 1892 ilijenga mtambo wa umeme kwenye maji ya Green Creek, kama kilomita 21 kutoka mjini, penye bwawa ambalo mpaka leo huitwa Dynamo Pond. Maji yalizungusha magurudumu, magurudumu yakazungusha jenereta, na nguvu-farasi zipatazo 130 zikasafiri juu ya waya kwa volti 3,530 hadi kinuni. Wakati huo watu wengi, wakiwemo wenye akili zao, hawakuamini kwamba umeme unaweza kwenda mbali hivyo na bado ufanye kazi.

Nguzo zilipangwa kwa mstari ulionyooka, zikapanda na kushuka vilima bila kukwepa. Wazee wa huko husimulia kwamba wahandisi waliogopa umeme ungeruka nje kwenye kona. Kama ni kweli au ni utani wa baadaye, waya zilinyooka. Swichi ikawashwa, michi ikaanza kutwanga.

Theluji, hata hivyo, haikujali uvumbuzi. Mtambo mwingine uliojengwa baadaye, kule Jordan karibu na Ziwa Mono, ulifukiwa na poromoko la theluji Machi 1911 pamoja na watu waliokuwa wakiishi hapo. Waokoaji walitoka Bodie wakiteleza kwenye ubao. Mwanamke mmoja alichimbuliwa akiwa hai.

Kabla ya umeme kuni zilitoka wapi?

Kusini mwa Ziwa Mono kuna msitu wa misonobari mikubwa. Mwaka 1881 ilijengwa reli nyembamba ya kilomita 51 kutoka Bodie hadi huko, penye kiwanda cha mbao kilichoitwa Mono Mills. Ilikuwa reli ya ajabu: haikuungana na reli nyingine yoyote duniani. Injini na vyuma vya reli vilikokotwa na wanyama jangwani hadi vilipofungwa. Kazi yake ilikuwa kushuka na mabehewa matupu na kupanda na magogo, basi. Iliachwa 1917 na chuma kikauzwa. Mono Mills leo ni visiki, misingi na udongo uliojaa vumbi la mbao la miaka mia moja.

Ni nani walioijenga hiyo reli?

Kwa sehemu kubwa Wachina, na jambo hili halipati nafasi ya kutosha kwenye vibao. Bodie ilikuwa na mtaa wao, King Street, wenye mamia ya watu, maduka, hekalu na biashara ya kuni, maana wao ndio waliouza kuni za mlango kwa mlango kwa kuzibeba juu ya nyumbu. Migodini walikatazwa. Mwaka 1881 wachimbaji wazungu wa Bodie waliposikia Wachina wameajiriwa relini, walitoka kwa kundi kwenda kuwafukuza. Kampuni ikawahi kuwavusha wafanyakazi hadi Kisiwa cha Paoha katikati ya Ziwa Mono. Wachimbaji wakafika ufukweni, hawana mashua, jua kali, wakageuka wakarudi nyumbani.

King Street haina jengo lililobaki la kueleza haya.

Kulikuwa na watu kabla ya wachimbaji?

Swali linaloulizwa mara chache kuliko inavyopaswa. Wakutzadika'a, watu wa jamii ya Paiute, waliishi kandokando ya Ziwa Mono kwa vizazi vingi. Ziwa lina chumvi zaidi ya bahari na halina samaki, lakini lina nzi wa aina yake, na mabuu ya nzi hao, yakishajifunga ganda, yakikaushwa na kumenywa huwa chakula chenye mafuta kiitwacho kutsavi. Waliyala, na waliyavusha milimani kubadilishana na watu wa upande wa Yosemite kwa kokwa za mialoni. Kwa mtu aliyekula kumbikumbi au senene wa kukaanga, hapo hakuna la kushangaa. Jina Mono lenyewe hudhaniwa kutoka kwa majirani zao waliowaita watu wa nzi.

Chakula chao kingine kikuu kilikuwa mbegu za msonobari mdogo wa vilimani. Ndiyo miti hiyo iliyokatwa kwanza kulisha matanuri ya Aurora na Bodie. Kwa hiyo wakati migodi ilikuwa ikila kuni, ilikuwa ikila ghala la watu wengine. Wakutzadika'a bado wapo, wengi karibu na Lee Vining, na wamekuwa wakipigania kutambuliwa rasmi na serikali ya shirikisho. Wao si historia ya mahame; ndio wasiohama.

Na Aurora? Imekuwaje iko Nevada?

Kaa vizuri.

Aurora iligunduliwa 1860, mwamba wa fedha na dhahabu, ikakua haraka kuliko zote. Kaunti ya Mono ilipoundwa 1861 Aurora ikafanywa makao makuu yake. Mwaka huohuo Nevada, iliyokuwa imeanzishwa kama himaya ya shirikisho, bado si jimbo, ikaunda kaunti ya Esmeralda na kuifanya Aurora hiyohiyo makao makuu. Hakuna aliyejua mpaka unapita wapi. Basi mji mmoja ukawa na serikali mbili, mahakimu wa aina mbili, wakusanya kodi wa aina mbili. Mkazi mwenye akili alimwambia huyu kwamba yuko chini ya yule.

Mwaka 1863 ulifika uchaguzi wa pande zote mbili. Ulifanyika Aurora, majengo mawili tofauti, na watu walipiga kura huku kisha wakavuka mtaa wakapiga kule. Muda mfupi baadaye wapima ardhi wakakamilisha kazi na kuonyesha kwamba mji uko ndani ya Nevada, kilomita chache tu. Maofisa wa California wakafunga majalada yao wakahamia Bridgeport, ambayo ni makao makuu ya Mono mpaka leo. Mahakama yao nyeupe ya mbao ya mwaka 1880 bado inasikiliza kesi.

Samuel Clemens, aliyekuja kujulikana kama Mark Twain, alikaa Aurora mwaka 1862 akitafuta utajiri wa migodini. Hakuupata, akaenda Virginia City kuandikia gazeti, na dunia ikafaidika.

Sasa ukienda Aurora usitegemee mengi. Ulikuwa mji wa matofali, imara kuliko Bodie ya mbao, na huo uimara ndio uliouponza: katika miaka ya 1940 kuta zilibomolewa na matofali yakauzwa kujengea kwingine. Hata kibanda kilichodaiwa kuwa cha Twain kilipakiwa kikapelekwa Reno, na huko wapenda kumbukumbu wakakimaliza kipande kwa kipande.

Kwa nini watu waliondoka Bodie?

Dhahabu haikuisha siku moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 habari za Tombstone kule Arizona na Butte kule Montana zilifika, na wale waliofuata mkupuo wakaufuata tena. Waliobaki walikuwa watu wa kukaa, wenye familia. Kanisa la Methodist lilijengwa 1882, wakati wenye kelele wameshaanza kuondoka. Moto mkubwa ulipita 1892. Gazeti la mwisho lilichapwa 1912. Sensa ya 1910 ilihesabu watu 698, ya 1920 ikahesabu 120.

Kisha Juni 1932 mtoto mdogo, wanasema, alichezea kiberiti. Mabomba ya zimamoto yalikuwa yameziba kwa takataka, na sehemu kubwa ya katikati ya mji ikateketea. Kwa hiyo unapotembea Bodie na kuona nafasi tupu kati ya nyumba na nyumba, usifikiri ndivyo ilivyokuwa. Inakisiwa kwamba unaloliona ni asilimia 10 hivi, wala si sehemu iliyokuwa na shughuli nyingi.

Mwisho ulikuwa wa karatasi. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ilifunga migodi ya dhahabu ili watu na vyuma viende kwenye madini ya vita. Posta ya Bodie ikafungwa mwaka huohuo.

Basi kwa nini Bodie imebaki na mingine haikubaki?

Kwa sababu ya familia moja. James S. Cain alifika kijana wakati wa neema, akafanya biashara ya mbao, akaingia migodini, akawa mwenye benki. Kila mtu alipouza na kuondoka, yeye alinunua. Mwisho familia yake ikawa inamiliki karibu mji mzima, na baada ya watu kwisha ikaajiri walinzi wa kufukuza wabeba mbao na waokota vitu. Hao walinzi ndio tofauti kati ya Bodie na Aurora. Jimbo lilichukua eneo hilo kama hifadhi ya kihistoria mwaka 1962.

Pia ukweli ni kwamba waliondoka wengi wakati ambapo hapakuwa tena na mahali karibu pa kupeleka ubao. Kusafirisha kabati hadi reli ya mbali kuligharimu kuliko kabati. Ndiyo maana duka la Boone lina makopo rafuni, shule ina madawati na ramani, na kwa mzika maiti kuna majeneza.

Mbona hawaitengenezi? Hoteli moja inakaribia kuanguka!

Hoteli ya Swazey imeegemezwa kwa miti, na hiyo ndiyo sera yenyewe. Hifadhi imeamua kuzuia kuoza kusiendelee, bila kurudisha ujana. Paa likivuja huzibwa, ukuta ukilala hushikizwa, lakini rangi haipakwi na karatasi ya ukutani iliyoning'inia huachwa ining'inie. Kama majengo 110 yanatunzwa hivyo. Binafsi naona ni uamuzi wa busara, ingawa una kichekesho chake: kuna mafundi wanaolipwa kuhakikisha nyumba inaendelea kuonekana kana kwamba hakuna anayeishughulikia.

Ukitaka kuona njia nyingine nenda Calico, kusini katika kaunti ya San Bernardino, mji wa fedha uliojengwa upya kwa ajili ya watalii. Sitasema zaidi.

Bennettville inafaa kwenda?

Kama unapenda kutembea, ndiyo. Ni mwendo mfupi kwa miguu karibu na Tioga Pass. Hapo kampuni moja ilitumbukiza fedha za watu kutafuta mwamba wa fedha. Mwaka 1882 walivuta mitambo ya tani kadhaa juu ya theluji kutoka Lundy, kwa kamba na nguvu za watu. Mwaka 1883 wakajenga barabara ya magari ya kukokotwa kuvuka milima. Mwaka 1884 fedha taslimu ziliisha kabla ya kuona fedha ya mwambani, na hawakutoa hata shehena moja. Yamebaki majengo mawili ya mbao.

Barabara, lakini! Ililala miaka 30, Stephen Mather, aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa hifadhi za taifa, akainunua 1915 kwa michango na kuipa serikali, na leo ndiyo barabara ya Tioga inayopitisha magari kuingia Yosemite. Kila mtalii anayeshuka upande wa Ziwa Mono anapita juu ya mgodi uliofilisika.

Kuna laana kweli?

Inasemwa kwamba anayeokota kitu Bodie, hata msumari, huandamwa na balaa mpaka akirudishe. Hifadhi hupokea vifurushi kwa posta: misumari, chupa, vipande vya vioo, pamoja na barua za kuomba radhi kutoka kwa watu walioachwa na wake zao au kupata ajali za magari. Yasemekana walinzi wenyewe ndio walioanzisha hadithi hiyo ili kuzuia wizi.

Kwetu shamba likiwekewa kago la kuzuia wezi, anayejua kwamba ni kibuyu kitupu ni mwenye shamba tu. Mihogo hubaki salama hata hivyo. Laana au si laana, kuokota ni kosa kisheria, na vifaa vya kutafutia chuma ardhini haviruhusiwi.

Nifikeje, na lini?

Kutoka Bridgeport fuata 395 kuelekea kusini kama kilomita 11, kisha kata kushoto kuingia barabara ya 270 kwa kilomita 21. Kama kilomita 5 za mwisho ni vumbi na makorongo madogo. Gari la kawaida hupita, polepole. Wakati mzuri ni Juni hadi Oktoba. Majira ya baridi barabara hufungwa kwa theluji na wanaofika hutumia ski au pikipiki za theluji. Hata Julai beba koti.

Kiingilio kipo. Majira ya joto huwa kuna matembezi ya kuongozwa ndani ya kinu. Ulizia pale makumbusho mara tu ufikapo, kwa sababu bila mwongozaji hutaingia.

Nikiwa na mzee au watoto?

Kimo kinachosha. Mzee atembee pole na anywe maji. Watoto hufurahi sana shuleni na gerezani, lakini misumari na vioo viko kila mahali, kwa hiyo viatu, si malapa.

Kuna mgahawa, petroli, mtandao?

Hakuna mgahawa. Hakuna petroli, jaza Bridgeport au Lee Vining. Simu haishiki. Kulala humo hairuhusiwi, wala kurusha droni. Vyoo vipo maegeshoni, na sigara huvutwa hapohapo maegeshoni tu, kwa sababu mji uliobaki ni mbao kavu za miaka 140.